Waliopigana vita vya Kagera: mzee wako aliwahi kukusimulia chochote? Wetu ameondoka na yake

BintiWaMbagala

Habari za jioni wana jukwaa, wakubwa zangu shikamooni.

Naandika hii nikiwa nimekaa sakafuni chumbani kwa marehemu baba, Mbagala. Arobaini tumemaliza wiki iliyopita, mama kasema nguo zigawiwe ila tranka la chuma lililokuwa chini ya kitanda nilifungue mimi maana ndo mkubwa. Baba aliingia JWTZ mwaka 1976, akaenda vitani Uganda, akarudi, akastaafu na usajenti wake. Hayo ndo yote tunayoyajua. Tukimuuliza habari za vita alikuwa anasema "tulienda, tukarudi" halafu anaongeza sauti ya redio, na sisi tulikuwa watoto tukaona basi, kumbe miaka inakwenda.

Kwenye tranka nimekuta kombati moja imekunjwa kama imetoka kupigwa pasi jana, medali imefungwa ndani ya soksi, na picha nyeusi na nyeupe ya askari watatu wameegemea lori, nyuma imeandikwa kwa peni "Masaka 79". Wa kulia ni baba, mwembamba hata huwezi kuamini, wengine wawili siwajui. Na kijiko chake, ambacho mama alikirudisha humo siku ya msiba.

Hicho kijiko ndo kimenifanya nije hapa. Nyumbani kila mtu anakijua. Ugali baba alikuwa anakula kwa mkono kama watu wote lakini wali, uji, maharage, ni kile kile, ukimpa kingine anakuangalia tu mpaka unaelewa. Kizito, mpini umepinda kidogo, na kwenye mpini kuna namba zimechokonolewa na kitu kama msumari. Siku moja mdogo wangu alikitoa nje kuchezea udongo akakipoteza, baba kurudi jioni akachukua tochi akatafuta uani mpaka karibu saa tano usiku, akakipata kwenye mchanga karibu na bomba, hakumpiga mtu, hakufoka, alikaa chini akakisugua kwa majivu taratibu mpaka kikang'aa ndo akaingia ndani. Mimi nilikuwa nachungulia dirishani.

Sasa leo nimechukua karatasi zake za kustaafu nikalinganisha ile namba na namba yake ya jeshi. Hazifanani hata kidogo. Sio namba yake.

Kwa hiyo nauliza, nyie wazee wenu waliwahi kuwasimulia? Na nyie mliopigana wenyewe kama mpo humu, hiyo namba inaweza kuwa ya nini? Na hivi vitu nivifanye nini ili wajukuu wake wajue babu yao alikuwa nani, maana naogopa baada ya miaka kumi litabaki tranka tupu la kuwekea mahindi.

Mzaramo_Halisi

Pole sana dada, Mungu amlaze mahali pema.

Ushauri wangu mmoja tu, kombati kairudishe kikosini au uulize utaratibu kwa wenzake, raia haturuhusiwi kukaa na sare za jeshi na hutaki matatizo, ila usiruhusu mtu apitishe mkono kwenye vingine. Kwa baba mkubwa wangu shangazi alisema vitu vya jeshi vyote vitolewe ndani, kombati ikarudishwa sawa, lakini na daftari lake likaenda jalalani. Lilikuwa na maandishi kurasa kama arobaini hivi. Mpaka leo sijui aliandika nini na roho inaniuma.

Muhaya_wa_Tabata

Mimi sikupigana, vita ilinikuta nikiwa darasa la tatu kijijini kwetu karibu na Kyaka, kwa hiyo nitakusimulia upande wa sisi tuliokombolewa, maana baba yako alikuja kwa ajili yetu.

Mwisho wa Oktoba 1978 tulisikia mizinga, na siku mbili tatu baadaye watu wa ng'ambo ya mto wanakuja na godoro kichwani, mbuzi, mtoto mgongoni, wanasema wameingia wameingia. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto Kagera ni la kwake, halafu daraja la Kyaka likapigwa, tarehe 3, na ng'ombe wa huko walikuwa wanaswagwa kwenda Uganda kwa maelfu. Baba yangu alikuwa na redio ya mbao, tukamsikia Mwalimu tarehe 2 akisema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Watu wazima walikuwa wamesimama. Nilikuwa sijawahi kuona wazee wa kijiji wanasikiliza redio wamesimama.

Halafu wanajeshi wakaanza kuja. Usiku na mchana, malori ya jeshi, mabasi ya abiria, malori ya makampuni bado yana maandishi ya biashara ubavuni, mvua inanyesha, tope mpaka magotini. Mama na wamama wengine wakawa wanachemsha ndizi kwenye masufuria ya harusi wanaweka barabarani, askari anashuka, anachukua mbili, anapanda. Mmoja alinipa biskuti ngumu ya jeshi, niliinyonya siku nzima. Alikuwa anaongea Kiswahili cha pwani kizuri mno, mpaka leo nikisikia mtu wa Dar anaongea taratibu namkumbuka yule, na sijui kama alirudi.

Dada ukipata nafasi nenda Kaboya, Muleba, ndo walikolazwa mashujaa wetu wa ile vita. Safu kwa safu, makaburi meupe. Huhitaji kuwa na ndugu pale ili ulie.

Mstaafu_GMboto

Binti yangu, mjukuu wangu ndo ananiandikia hapa mimi nasema yeye anachapa, kwa hiyo makosa ni yake.

Mimi sikuwa askari wa kuajiriwa kama baba yako. Nilikuwa mgambo, nafanya kazi kiwandani hapa Dar, tukaitwa, mafunzo ya haraka haraka, tukapanda treni mpaka Mwanza na meli mpaka Bukoba. Nilikuwa na miaka 22 na mke mjamzito. Mutukula iliingiwa Januari 1979. Masaka ikaanguka tarehe 24 Februari, hiyo picha ya baba yako itakuwa ni baada ya hapo, kulikuwa na siku chache za kupumzika, watu wakafua, wakanyoa, na kulikuwa na wapiga picha wa mtaani wa Masaka wanapita na kamera zao. Mimi pia nilipiga, yangu ililowa.

Baada ya Masaka ndo Lukaya. Sitasema mengi. Barabara ya kwenda Kampala pale inapita katikati ya bwawa la mafunjo, kushoto maji, kulia maji, huna pa kukimbilia. Jioni ya tarehe 10 Machi brigedi ya 201 iliyokuwa mbele ilipigwa na jeshi la Amin pamoja na Walibya, usiku ule humjui huyu ni nani na yule ni nani, unasikia tu sauti za watu wanaitana majina. Asubuhi ya tarehe 11 brigedi ya 208 ikaja kutoka ubavuni ndo mambo yakageuka. Kampala tukaingia mwezi uliofuata, tarehe 11 Aprili redio ikatangaza Amin ameondoka, watu wakatoka majumbani wanatukumbatia, bibi mmoja akanifuta uso kwa kanga yake. Lakini vita havikuisha siku ile, wengine waliendelea kaskazini mpaka mpaka wa Sudan, mwanzoni mwa Juni.

Sasa kijiko. Jeshini mestini moja, lile bakuli la bati la askari, mnaweza kula wawili watatu, hakuna shida, lakini kijiko kila mtu na chake. Unakiweka mfuko wa kifuani. Ukikipoteza utakula na mikono ambayo imeshika oili ya bunduki, na maji ya kunawa hakuna, kwa hiyo kijiko ni mali kuliko hela. Na vinafanana vyote, ndo maana tulichora namba. Namba ya pale ni ya mwenye kijiko. Kama sio ya baba yako basi ni ya mwenzake, na kama baba yako alikaa nacho zaidi ya miaka arobaini, huyo mwenzake hakukirudia. Muulize mama yako. Wake zetu wanajua mambo tusiyowaambia watoto.

Na hili nawaambia na vijana wengine wanaosoma. Mnakosea kuuliza. Mnakuja na simu mnatuwekea mdomoni mnasema babu tusimulie vita, ulipiga maadui wangapi. Hilo halijibiki. Niulize tulikuwa tunakula nini. Niulize viatu. Niulize nani alikuwa anaimba vibaya kwenye kambi yetu, nitacheka, halafu yeye mwenyewe atanipeleka mpaka mahali alipoangukia, na nitakusimulia bila kuombwa.

Mjukuu_wa_Keya

Shikamoo mzee wa Gongo la Mboto, na asante sana. Hilo la mwisho lingenisaidia miaka ishirini iliyopita.

Babu yangu mimi alikuwa Keya, yaani askari Mwafrika wa jeshi la Waingereza, KAR, vita ya pili ya dunia, alipelekwa Bama. Wakati niko mdogo nilidhani Bama ni kijiji cha Tabora. Kumbe ni Burma, huko Asia, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisukumwa kwenye bonde la Kabaw mwaka 1944 msimu wa mvua kubwa, wakawafuata Wajapani mpaka Kalewa, Desemba wakavuka mto Chindwin. Yeye alichokuwa anasimulia ni ruba tu. Ruba kwenye buti, ruba kwenye kope, jinsi ya kumtoa ruba kwa chumvi, na chumvi haipo. Sisi tulikuwa tunacheka, tukamwita babu Ruba, na sikuwahi kumuuliza swali la pili. Alifariki 1991.

Watu wa Dar tunapita kila siku pale Posta kwenye sanamu la Askari, kondakta anaita Askari Monumenti shuka, hatuangalii. Liliwekwa 1927, mahali palipokuwa na sanamu la Mjerumani, von Wissmann. Pale chini kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, ni ukumbusho wa askari Waafrika wa vita ya kwanza na wapagazi waliowabebea mizigo, wameitwa mikono na miguu ya jeshi. Na hao wapagazi ndo waliotupa jina Kariakoo, kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wabebaji cha Waingereza. Maandishi yanaahidi kwamba hata ukifa watoto wako watakumbuka jina lako. Siku moja nililizunguka lote nikitafuta majina. Hakuna hata moja. Maelfu kwa maelfu ya watu walibeba risasi na mahindi kichwani kutoka huku mpaka mpaka wa Msumbiji, wakafa kwa kuhara na homa njiani, na jina halijaandikwa mahali popote isipokuwa kama kuna familia inalitaja.

Na hizi vita zimeshikana jamani. Jenerali Msuguri aliyeongoza Divisheni ya 20 mpaka Kampala alianza kama Keya mwaka 1942, akapigana Madagaska. Amefariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Mtu mmoja amebeba vita mbili kifuani.

Dada andika majina. Hata kama ni ya hao wawili kwenye picha, tafuta, andika nyuma, skani picha, tuma kwa ndugu wote ili isipotee kwa mmoja.

Kijana_Sinza

Natoa heshima kwa wote ila naomba nisieleweke vibaya, hivi hizi kumbukumbu zinawasaidia nini wazee wenyewe? Jirani yetu alipigana Kagera, ana kipande cha chuma mguuni mpaka leo, alizungushwa kwenye ofisi moja kuhusu malipo yake mpaka akachoka akaacha, kila akienda faili halionekani. Ninavyoona mimi heshima ingeanzia hapo, medali hailiwi.

Mstaafu_GMboto

Kijana wa Sinza umesema kweli na wala sijakasirika. Huyo jirani usimuache aende peke yake. Mzee akienda peke yake anaambiwa njoo Jumatatu, akienda na kijana anayeandika tarehe na jina la aliyemhudumia, faili linaonekana. Nimeyaona kwa macho yangu. Fanya hivyo wewe, hiyo ni heshima tosha. Lakini na jina lake uliandike pia, ya kwanza haizuii ya pili.

Mama_Wawili_Ukonga

Mimi baba yangu nampeleka Mashujaa kila tarehe 25 Julai, miaka ile shughuli ikifanyika Mnazi Mmoja. Anaanza kujiandaa tangu tarehe 20, koti linapigwa pasi mara tatu, medali anazisugua na dawa ya meno. Anachopenda sana ni pale Rais anapoweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, halafu anafika mzee anayewakilisha wapiganaji wa zamani anaweka shoka. Hapo baba lazima asimame hata kama goti linamuuma. Tarumbeta ikilia anafumba macho, na midomo inacheza kidogo, nilikuwa nadhani anasali. Mwaka juzi ndo nimemuuliza. Anahesabu watu, kwa majina, na anahakikisha amemaliza kabla tarumbeta haijanyamaza.

Mwaka mmoja kwenye daladala konda aliona zile medali akakataa nauli, baba akamwambia mwanangu chukua, gari inakunywa mafuta. Wakavutana pale mpaka abiria wote wanacheka, konda akapokea, tulipofika akashuka kumshika mkono mpaka ng'ambo ya barabara.

DadaWaAskari

Nawasoma nikiwa na machozi. Naomba tusisahau kwamba mashujaa sio wazee tu. Kaka yangu ana miaka 38, alikuwa Kongo na walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Desemba 7 mwaka 2017 kambi yetu kule Semuliki ilishambuliwa usiku, wakafa askari wetu wasiopungua 14. Darfur mwaka 2013 walikuwa saba. Kaka yeye alikuwa kambi nyingine ila aliwajua wale vijana, alicheza nao mpira.

Nyumbani mkesha wa mwaka mpya tukijua fataki zinakuja tunampeleka kwa bibi Kisarawe, hatusemi kwa nini, tunasema tu bibi amekuita. Nimesoma ushauri wa mzee hapo juu, jana nikampigia simu nikamuuliza mlikuwa mnapika nini kule. Akasema wali na maharage ya kopo, halafu kuna mmoja alikuwa anatia pilipili kila kitu mpaka chai. Tukaongea saa nzima na nusu. Tangu arudi hatujawahi kuongea hivyo. Asante mzee.

BintiWaMbagala

Nimerudi. Samahani nimechelewa, wageni wa arobaini walikuwa hawajaisha na nilitaka kwanza nikae na mama peke yake.

Kwanza marahaba kwa wadogo na shikamoo mzee wa Gongo la Mboto. Ni kama ulivyosema. Mama nilimuwekea kijiko mezani sikusema kitu, akakiangalia muda mrefu, akasema "hicho cha mwenzake". Ni yule wa katikati kwenye picha, mtoto wa Singida, walikuwa wanakula mestini moja tangu Mutukula. Siku ile ya Lukaya mchana zamu ya kuosha vyombo ilikuwa ya baba, akaviosha vijiko vyote viwili akavitia kwenye mfuko wake, akasema nitampa jioni tukikaa kula. Jioni ndo ile mzee uliyoisema.

Cha kwake baba kilipotea huko mbele, hiki hakikupotea. Mwaka 1981 alipopata likizo alikwenda mpaka Singida kumpelekea mama wa yule rafiki yake, akaambiwa mama naye alishafariki mwaka mmoja kabla, na nyumba ina watu wengine. Akalala kwa mwalimu wa shule ya pale, asubuhi akapanda basi akarudi nacho. Mama anasema hilo alimwambia mara moja tu, usiku wa kwanza baada ya kuoana, akamwambia na ukisikia nasema kitu wakati wa kula usinishangae.

Na hapo ndo nikakumbuka. Baba kabla hajala alikuwa anasema "karibu". Kila mtu anasema karibu akila, ndo maana hatukuwahi kujiuliza. Lakini baba alikuwa anasema hata akiwa chumbani peke yake, mlango umefungwa, unasikia kijiko kinagonga sahani, halafu karibu, kimya kidogo, halafu ndo anaanza kula. Mimi nikiwa mtoto nilishawahi kuingia nikidhani ananiita. Akanikalisha, tukala wote.

Jina la yule kijana mama analikumbuka, la kwanza na la baba yake. Nimeliandika nyuma ya picha chini ya Masaka 79, pamoja na la baba, nimeacha nafasi kwa wa tatu. Kombati kaka ameshauliza utaratibu, inarudi wiki ijayo. Mzee, nina daftari jipya, ukinikubalia Jumamosi nakuja Gongo la Mboto na hiyo picha, labda wa tatu utamjua. Nitaanza na viatu, naahidi.

Mstaafu_GMboto

Marahaba binti yangu. Jumamosi njoo asubuhi kabla jua halijawa kali, mjukuu atakupokea stendi, atakutumia namba yake inboksi. Macho yangu sio mazuri lakini sura za Masaka nazijua.

Usiache kijiko. Mke wangu anaweka maharage jikoni.